Bi Kengele Mbele ya Kamera

Jina la Bi Kengele alipewa kazini, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama analipenda. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, chumba cha nyuma, ambako mashine za kufulia zilinguruma kutwa na pasi za mvuke zilifoka kama paka aliyekanyagwa mkia. Ukitaka kumwambia mwenzako neno mle ndani, ulikuwa na mawili: upaze sauti au unyamaze. Na Bi Kengele hakuumbwa kunyamaza. Akiuliza "Shati la nani hili?" mteja aliyesimama kaunta huitika, na mpita njia huko nje naye hugeuza shingo.

Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka jukwaani. Alikuwa bado bibi harusi mpya mtaani pale mwalimu mmoja wa shule ya jirani alipoingia dukani na suruali zake mkononi, akamsikia akimpasha fundi wa mashine aliyekuja kwa kuchelewa. Mwalimu alisahau suruali, akasimama kusikiliza mpaka mwisho.

"Wewe binti," akamwambia Bi Kengele baada ya fundi kuondoka ameufyata mkia, "umewahi kuigiza?"

"Kuigiza nani?"

"Shangazi."

Mwalimu alikuwa na kikundi cha maigizo kilichokutana kila Jumamosi katika ukumbi wa mtaa. Mchezo wao mkubwa ulikuwa *Kabati la Shangazi*, ile tamthilia ya kuchekesha ya zamani ambayo kila mtu aliisoma shuleni na kila mtu huapa kwamba anaikumbuka. Kwa asiyeikumbuka, hadithi yake ni hii: kuna bahili mmoja anayetaka kumwoza binti yake kwa mwanamume yeyote atakayekubali harusi isiyo na wageni. Dada wa huyo bahili, yaani shangazi wa msichana, hakubali. Anawaalika wachumba siku moja, kila mmoja akidhani yuko peke yake, na mlango ukigongwa anamsukumia mmoja kabatini. Mpaka tamthilia inafika katikati, kabati lina watu wengi kuliko sebule, na mwishowe bahili mwenyewe, akiwakimbia watu wanaomdai, anaingia humo humo.

Bi Kengele akawa Shangazi. Mwalimu akawa bahili. Kabati lilitengenezwa na mumewe Bi Kengele, seremala ambaye maneno yake ya wiki nzima yangetosha kwenye kisanduku cha kiberiti. Miaka ikaenda. Wachumba walioa kwelikweli, wakahama, wakaja wengine. Mwalimu akastaafu shule, lakini ubahili wa jukwaani hakuustaafu. Na kila Shangazi alipofungua kinywa, watu wa mstari wa nyuma kabisa walivunjika mbavu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Binti yake Bi Kengele, mtoto wake wa pekee, alikulia katika ukumbi ule. Alifanya kazi zake za shule kwenye kiti cha mbele, mchezo ukiendelea juu ya kichwa chake, mpaka akaujua wote kwa moyo. Lakini shuleni wenzake walimtania: "Mama yako si yule anayepiga kelele na kabati?" Alipokua mkubwa akaacha kuja. Sasa alikuwa anafanya kazi benki, mahali ambapo watu husema kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mgonjwa amelala. Alimpenda mama yake, hilo halina ubishi. Ila wakiwa njiani alikuwa akimgusa kiwiko: "Mama, taratibu, watu wanatusikia."

"Si ndiyo maana ya kusema?" Bi Kengele alikuwa akijibu.

Basi ikaja habari kwamba kituo cha televisheni kitaitengeneza *Kabati la Shangazi* iwe filamu. Mwongozaji, mwanamke kijana mwenye macho makali na maneno machache, alikuja ukumbini Jumamosi kadhaa, akakaa nyuma peke yake. Siku moja mchezo ulipokwisha alipanda jukwaani, akampa Mwalimu mkono kwa heshima zote, kisha akamgeukia Bi Kengele.

"Mama, nimemtafuta shangazi mji mzima. Nakutaka wewe."

"Na wenzangu?"

Mwongozaji hakukwepa. Alieleza kwamba wengine wote wamekwisha kupatikana, na kwamba bahili ataigizwa na yule mwigizaji mashuhuri ambaye uso wake uko kwenye mabango. Mwalimu alikuwa amesimama hapo hapo, bado amevaa koti la bahili lenye viraka. Alikunja kofia yake mara mbili.

"Bila wenzangu siendi," akasema Bi Kengele. "Nimemaliza."

Mwongozaji alipoondoka, Mwalimu alimkalisha pembeni. "Sikiliza, Shangazi," akasema, maana hata nje ya jukwaa alimwita hivyo. "Roho imeniuma, sitakudanganya. Nimekuwa bahili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Lakini ukikataa, wao hawatarudi kwangu mimi. Watatafuta shangazi mwingine, nami nitaketi kwangu nimtazame mtu asiyejua hata kufunga mlango wa kabati. Utanifanyia ukatili huo?"

"Mwalimu…"

"Nenda. Ukienda wewe, tumekwenda sote."

Akaenda. Mwenye duka la dobi alimpa ruhusa, huku akitangazia kila mteja kana kwamba yeye ndiye aliyemzaa.

Walipiga picha za filamu katika nyumba ya kweli, siyo jukwaa. Sebule ilikuwa sebule, dirisha lilikuwa dirisha. Kitu pekee alichokifahamu Bi Kengele ni kabati, kwa sababu mwongozaji alilipenda na kuliazima, na mume wa Bi Kengele akaja nalo ili alilinde. Seremala alikaa kwenye kiti jikoni, mikono magotini, akiwatazama wabebaji kama mtu anayewatazama wageni wanaomshika mtoto wake mchanga.

Nyaya zilijaa sakafuni. Taa zilimwakia usoni. Walimbandika kidude kidogo chini ya ukosi wa gauni. Mwongozaji akasema, "Anza," na Bi Kengele, akiwa na miaka yake yote ya Jumamosi nyuma yake, akavuta pumzi na kutoa sentensi ya kwanza.

Fundi wa sauti aliruka, akang'oa hedifoni masikioni.

"Mama," akasema kwa upole, akijisugua sikio, "maikrofoni iko hapo kifuani kwako. Hata ukimeza mate nasikia."

Wakaanza tena. Safari hii alisema sentensi, kisha akanyamaza, mkono kiunoni, kidevu juu. Kila mtu akasubiri. Mwigizaji mashuhuri akasubiri.

"Kata," akasema mwongozaji. "Mama, mbona umesimama? Umesahau?"

"Sijasahau. Nawasubiri wacheke."

"Nani?"

Bi Kengele akatazama huku na huku. Kulikuwa na kamera, na nyuma ya kamera watu wenye sura za kazi. Hapo ndipo alipoelewa. Maisha yake yote alikuwa akirusha neno na ukumbi ukimrudishia. Humu alirusha neno, nalo halikurudi.

Akajaribu kupunguza sauti. Ikatoka sauti ya mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. Akajaribu kuacha kusubiri, akawakanyaga wenzake maneno. Mwigizaji mashuhuri hakuwa mtu mbaya. Alimpa maji, akamwambia yeye mwenyewe siku yake ya kwanza aliipa kamera mgongo. Lakini alasiri ilipofika, mwongozaji alimchukua mpaka mlangoni, wakasimama wawili.

"Sitakuficha, mama. Wakubwa wangu wameniuliza kama tuite mtu mwingine. Nimewaomba kesho. Kesho tu."

"Wewe unaonaje, mwanangu?"

"Mimi naona shangazi yumo. Sijui jinsi ya kumtoa."

Jioni hiyo Bi Kengele alirudi nyumbani kimya, na kimya chake kiliwatisha watu wa nyumbani kuliko kelele zake zote. Binti yake alikuwa amekwisha kurudi kutoka benki, anapanga vyombo mezani. Mama akavua viatu, akaketi.

"Nitawaambia wamwite huyo mwingine. Bora niondoke kwa miguu yangu."

Seremala alimtazama mkewe, akamtazama binti yake, akainuka na kwenda uani kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

Binti akavuta kiti. "Ni sehemu gani inayokushinda?"

"Yote."

"Mama."

"Ya mchumba wa kwanza. Ninapomshawishi aingie kabatini."

"Niambie mimi. Mimi ndiye mchumba."

Bi Kengele akacheka kidogo kwa uchungu. "Wewe? Wewe unayeuchukia mchezo huu?"

"Siuchukii," akasema binti, akiinamisha macho kwa aibu. "Niliona haya, hayo ni mengine. Haya, niambie."

Bi Kengele akasema. Ikawa kubwa mno, sahani zikalia. Akarudia. Ikawa kavu. Binti akaweka kiwiko mezani na kufikiri.

"Unakumbuka nilipokuwa mdogo, nikiugua homa? Zile dawa chungu?"

"Nani atasahau? Ulikuwa unafunga mdomo kama mlango wa jela."

"Hukunipigia kelele hata siku moja. Uliinama sikioni, ukaniambia, 'Kunywa, mwanangu, leo wametia asali.' Nami nilijua unanidanganya. Wewe ulijua kwamba ninajua. Na bado nilikunywa." Akamsogelea. "Mdanganye huyo mchumba kama ulivyokuwa ukinidanganya mimi. Na usingoje mtu acheke. Mimi ulikuwa hunisubiri. Ulikuwa umekwisha kuleta kijiko."

Bi Kengele akasogeza sahani kando. Kisha akainama, akashika kidogo mkono wake, na kwa sauti ile ya kando ya kitanda akasema maneno ya Shangazi:

"Ingia, baba. Ni dakika moja tu. Humo utaona koti la marehemu babu. Usiliogope. Naye aliingia kwa dakika moja."

Kwanza binti alikaza midomo. Kisha pua ikatoa mlio. Kisha akaangusha kichwa mezani, akacheka mpaka akapaliwa, akacheka mpaka baba yake akachungulia kutoka uani kuona kama kuna aliyeumia. Aliyasikia maneno yale tangu hajajua kusoma, na hii ilikuwa mara ya kwanza kumchekesha.

"Tena," akasema, akijifuta macho. "Endelea na mchumba wa pili."

Asubuhi yake Bi Kengele aliingia katika ile nyumba, akawaamkia wote mmoja mmoja, akaomba waanze na mchumba wa kwanza. Kijana aliyeigiza mchumba hakuwa na habari ya lililokuwa linamjia. Shangazi alimsogelea, akamtengeneza ukosi, akamwambia habari za koti la babu kwa huruma nzito kiasi kwamba kijana aliingia kabatini akiwa na hofu ya kweli usoni. Hakuna aliyecheka. Lakini Bi Kengele, kwa pembe ya jicho, aliona mabega ya mpiga picha yakitikisika. Akamwona fundi wa sauti ameuma mkono wa shati lake. Akatambua: ukumbi umo humu humu, ila umekatazwa kutoa sauti.

"Kata," akasema mwongozaji, na sauti yake ilikuwa imelowa kidogo. "Mama, hiyo hatuirudii."

Kuanzia hapo kazi ikaenda kama siagi juu ya kikaango cha moto. Lililozungumzwa zaidi, hata hivyo, halikuandikwa na mtu.

Ilikuwa sehemu ya mwisho, bahili anapojificha kabatini. Alitakiwa kuingia, akae humo wakati watu wanaomdai wanapita, kisha atoke akiwa amevaa koti la babu. Mwigizaji mashuhuri akaingia. Mlango ukafungwa. Wadai wakapita. Ukafika wakati wa kutoka, na mlango haukufunguka. Sakafu ya nyumba ile haikuwa sawa, na kabati likawa limejipinda kidogo. Akasukuma. Kabati likatetemeka. Akasukuma tena. Kamera ilikuwa inaendelea kupiga, mwongozaji akiwa tayari amenyanyua mkono asimamishe.

Bi Kengele hakumtazama mwongozaji. Alikwenda taratibu mpaka kabatini, akainama kwenye tundu la ufunguo, akanong'ona:

"Kaka. Tulia. Humo ndani hakuna anayekuomba kitu."

Kabati likanyamaza. Kisha kutoka ndani, sauti ya bahili, polepole, kama mtu aliyeona mlango wa peponi:

"Kweli?"

"Kweli, kaka."

"Basi… funga vizuri."

Mkono wa mwongozaji ulibaki hewani. Shangazi akaligusa kabati kwa kiganja, kama mtu anayemgusa ng'ombe aliyetulia, akakaa kwenye kiti cha kando, akapumua. Ndipo mwongozaji aliposema "Kata," na nyumba ikalipuka. Waliojizuia tangu asubuhi walimwaga kicheko chote. Mpiga picha aliketi sakafuni. Na kutoka kabatini ikasikika, "Jamani, mimi bado nimo humu!"

Seremala akaja kutoka jikoni bila haraka. Akaweka bega kwenye ubavu wa kabati, akainua mlango kidogo kwa kiganja, ukafunguka.

"Huinuliwa," akasema. Siku hiyo hakusema neno jingine.

"Mama, ile umeitoa wapi?" mwongozaji alimuuliza Bi Kengele, akijipepea na karatasi.

"Na mimi nina kaka," akajibu.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana. Bi Kengele alikuwa amewaalika wanakikundi wote nyumbani kwake, viti vikaazimwa kwa jirani, na aliyekosa kiti alikaa mkekani. Mwalimu alifika mapema akiwa amevaa suti. Kwa ajili yake Bi Kengele hakupata usingizi mzuri wiki nzima. Aliogopa kumtazama akimtazama mtu mwingine akiwa bahili.

Mwalimu alikaa wima. Midomo yake ilikwenda pamoja na kila sentensi ya mwigizaji mashuhuri, bila sauti. Mara mbili alitikisa kichwa, mara moja alisema, "Hapo amenishinda, kusema haki." Seremala yeye hakumtazama mtu yeyote kwenye kioo isipokuwa kabati, na kila lilipotokea alijiweka sawa kwenye kiti.

Ikafika ile ya tundu la ufunguo. Chumba kizima kikacheka, watoto wa jirani wakagaagaa mkekani. Mwalimu peke yake hakucheka. Alimgeukia Bi Kengele, uso umekaza kama wakati wa kusahihisha mitihani.

"Hiyo haimo kitabuni."

Mtu mmoja akapunguza sauti ya televisheni.

"Haimo, Mwalimu," akakiri Bi Kengele.

Mzee akavua miwani. Akatoa leso mfukoni, akaifuta, kisha akafuta na kilichokuwa nyuma ya miwani.

"Basi mwandishi aliisahau," akasema.

Majina yalipoanza kupanda, likapanda jina kamili la Bi Kengele, lile la kwenye kitambulisho, ambalo kule dukani hakuna alijuaye. Binti yake alikuwa amesimama mbele ya televisheni na simu, akipiga picha, akiwaziba wengine wote, na alipoambiwa aondoke hakuondoka. Muda mfupi baadaye likapita jina la seremala, chini kabisa, kwa herufi ndogo: kabati limetengenezwa na fulani. Seremala akasogea kwenye ukingo wa kiti.

"Rudisheni," akasema.

"Haiwezekani, baba. Ni televisheni."

"Rudisheni," akasema tena, na ilibidi binti amwonyeshe picha ya simu, naye akaishika simu ile kwa mikono miwili.

Jumatatu, duka la dobi lilikuwa na foleni mpaka nje. Walikuja na nguo chafu, walikuja na nguo safi, mama mmoja alikuja na gauni ambalo bado lilikuwa na kadi ya bei. Mchana binti yake akaingia na wenzake wa benki, wote na sare zao. Bi Kengele aliwaona kupitia mlango wa nyuma, na kwa mazoea ya miaka akaanza kujipunguza, asimwaibishe mtoto. Hakuwahi. Binti alikuwa ameegemea kaunta, anawaambia wenzake, na sauti yake ilivuka mashine na mvuke na kufika mpaka kwenye meza ya pasi:

"Yule pale, mwenye shati jeupe mkononi. Mama yangu."

Bi Kengele aliishika pasi akasahau alichotaka kufanya nayo. Shati likaanza kunukia moto. Ilibidi mwenzake amsukume, naye akalinyanyua na kucheka peke yake, akalirudisha mezani upande wa pili.

Kikundi nacho kikapata uhai. Ukumbi wa mtaa sasa hujaa Jumamosi, na vijana wamejitokeza kutaka kuwa wachumba. Mwalimu huwafundisha kwa ukali uliomstaafisha mapema shuleni. Ile sehemu ya tundu la ufunguo wameitia kwenye mchezo wao. Yeye hujibu kutoka kabatini, "Basi… funga vizuri," kwa namna yake, na kuna wanaosema kwamba anamzidi yule wa kwenye mabango. Bi Kengele ni mmoja wao.

Yeye bado anapiga pasi. Lakini mwongozaji amerudi na filamu nyingine, safari hii ya mama mkwe asiyeambilika, na karatasi za maneno ziko nyumbani juu ya meza ya chakula. Bi Kengele amekwisha kumwambia binti yake atenge jioni zake.